Nunua bodi, injini itakuja: jinsi ya kupata Datsun 240Z na kukaa nayo

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Nairobi, pumzi juu juu.

"Mjomba, nimepata Datsun Z! Inawaka mara moja tu, na rangi inang'aa utadhani imetoka dukani jana."

"Umelala chini yake?"

"Kulala vipi?"

"Chali, na tochi mkononi."

"Hapana, mjomba. Mwenyewe alikuwa na haraka."

"Basi hujaiona bado."

Nilimwahidi kumwandikia yote ninayoyajua, na kwa kuwa wako wengine wanaoniuliza swali hilo hilo, nayaweka hapa. Nina 240Z ya mwaka 1972. Niliinunua 2009, nikamaliza kuifufua 2015, na hadi leo naiendesha kila Jumapili hapa Mombasa. Kazi yangu ya kula ilikuwa bandarini Kilindini, kutengeneza kreni na matrekta ya kuvuta makontena, kwa hiyo chuma na chumvi vimenipitia mikononi maisha yangu yote.

Kwa asiyelijua gari lenyewe: lilitengenezwa Japani kuanzia mwishoni mwa 1969 hadi 1973, kisha ikaja 260Z, halafu 280Z. Injini yake inaitwa L24, silinda sita kwenye mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo (cc) 2,393, kabureta mbili, na gari zima halizidi sana tani moja. Sisi wa huku tunalikumbuka kwa Safari, yale mashindano ya mbio za magari yaliyokuwa yakifanyika kila Pasaka. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo, na Shekhar Mehta na Mike Doughty wakashika nafasi ya pili kwenye 240Z nyingine. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews; walimaliza sawasawa kwa alama na Harry Källström wa Datsun 1800 SSS, na ushindi ukaenda kwa Mehta. Nilikulia Voi. Pasaka kwetu ilikuwa ni vumbi, watoto tumepanda juu ya miti, na mngurumo unaofika masikioni kabla gari halijachomoza konani.

Historia hiyo inapandisha bei, na inazaa hadithi pia. Utaambiwa gari hili "lilikimbia Safari". Kama hakuna picha wala karatasi yenye namba ya chasisi, lilipe kama gari la kawaida. Na kama kweli lilikimbia, lichunguze zaidi, maana lilipigwa na mawe na mashimo kuliko mengine yote.

Karatasi kwanza

Mimi natafuta lililoko nchini tayari. Kanuni ya Kenya ya miaka minane kwa magari yaliyotumika hufanya kuagiza kuukuu kutoka nje kuwa shughuli nzito, na zipo Z zilizolala kwenye magereji ya bara tangu miaka ya tisini. Zile za Nanyuki, Nakuru na Naivasha hazijalishwa chumvi. Gari lililoishi pwani, hata likiwa zuri usoni, lipe mashaka mara mbili.

Omba logibuku, kitabu cha umiliki wa gari, kabla ya kupanda basi. Linganisha jina lililomo na mtu unayezungumza naye. Kwa magari ya umri huu mara nyingi mwenye jina ameshafariki, na anayeuza ni mtoto au mjane. Hapo hakuna njia ya mkato: familia iwe na hati ya mahakama ya kusimamia mirathi, ndipo uhamisho wa umiliki kwa NTSA, mamlaka inayosajili magari Kenya, utakapopita. Nimemwona mtu Bamburi amekaa na gari lake miaka saba asiweze kuliandikisha kwa sababu alilipa kwanza, akauliza baadaye.

Kisha namba ya chasisi. Imegongwa kwenye ukuta unaotenga injini na abiria, na iko pia kwenye kibati ndani ya chumba cha injini. Ya usukani wa kulia iliyouzwa nje ya Japani huanza na HS30. HLS30 ni ya usukani wa kushoto. Ukikuta RS30, hiyo ni 260Z, gari zuri pia, lakini usilipe bei ya 240Z. Namba zote mbili zikubaliane na logibuku. Chuma kinachozunguka ile iliyogongwa kikiwa na alama za kuchomelewa au rangi mbichi, shukuru kwa chai, ondoka.

Lala chini

Hapa ndipo penyewe. Gari hili halina fremu ya peke yake kama lori. Bodi ndiyo chasisi. Bati likioza, hakuna kingine kinacholishikilia gari. Injini utaipata. Ukoo huo wa L ulitumika kwenye magari mengi ya Datsun na Nissan, L28 ya Datsun 280C ikiwemo, na fundi yeyote mwenye nywele nyeupe anaujua. Lakini bodi nyofu ya 240Z huipati Kirinyaga Road wala Gikomba.

Beba tochi, bisibisi butu, sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa ili isikwaruze rangi, jeki, stendi mbili imara, na nguo kuukuu. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Anzia chini ya betri. Asidi hudondoka kwenye kibati chake, ikakila, ikaendelea kushuka hadi kwenye reli ya chini, yaani mhimili wa bati unaobeba bodi. Watu huweka kibati kipya juu, wakaacha reli iliyooza chini. Gonga reli hiyo kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama boksi la karatasi.

Pili, tazama chini ya kioo cha mbele, pale hewa inapoingilia. Pana mashimo ya kutolea maji, na majani yakiyaziba maji hutafuta njia ya ndani. Mimina chupa ya maji taratibu, kisha inua zulia la miguuni. Zulia likilowa, umepata jibu la sakafu.

Tatu, sakafu zenyewe na reli mbili zinazopita chini yake. Nne, vizingiti vya milango, hasa kile kipembe cha nyuma ya mlango, kabla ya tairi la nyuma. Hapo sumaku ndiyo mwalimu wako. Isiposhika, chini ya rangi kuna puti, ile lipu ya kujazia matundu. Tano, fungua mlango wa nyuma, toa tairi la akiba, tazama lile bakuli linamokaa, na bati la chini ya taa.

Mwisho fanya jaribio ambalo wauzaji wengi hawalipendi. Funga milango, pima kwa macho nafasi kati ya mlango na bodi. Inua upande mmoja kwa jeki, pima tena. Kama nafasi imebana au imepanuka, au mlango sasa unakwaruza, bodi inajikunja. Gari hilo mwachie anayetafuta vipuri.

Injini ije iwe baridi. Fika mapema, weka kiganja juu yake kabla halijawashwa. Ikiwa ina joto, mtu ameshalisaidia kuwaka. Fungua rejeta: maji ya kahawia maana yake lililishwa maji ya bomba miaka mingi, na hedi ya injini hii ni ya aluminiamu, inaliwa kimya kimya. Pima kompresheni, nguvu ya mbano, ya silinda zote. Za kwangu, tano zilisoma kati ya psi 160 na 170, ya nne ikasoma 110. Vali imeungua. Muuzaji akakunja uso. Mimi moyoni nilifurahi, kwa sababu kila mnunuzi aliyenitangulia aliikimbia ile silinda ya nne, na hakuna aliyetazama reli, zilizokuwa nzima kasoro sehemu moja. Vali ilinichukua siku nne. Kile kipande kimoja cha reli kilinichukua miezi mitano.

Ukiliendesha, sikiliza mlio wa "tok" kutoka nyuma unapoachia klachi. Mara nyingi ni mpira wa kushikilia difu, ile gia ya ekseli ya nyuma, kitu kidogo. Gia ya pili ikisaga, tenga fungu la pesa za gia boksi. Na ukinusa moshi ndani vioo vikiwa wazi, usiogope: moshi huvutwa na upepo kupitia mipira ya mlango wa nyuma na ya taa za nyuma iliyokauka. Ila ibadilishe mapema, kwa maana moshi ule ni sumu.

Kuhusu bei

Mwenye gari langu alikuwa mzee wa Nanyuki aliyekuwa ameliinua juu ya magogo tangu 1994, ndani ya banda lenye paa zima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa Mombasa? Umekuja na pesa au na maswali?"

"Vyote, mzee wangu. Maswali kwanza."

Nikalala chini saa nzima. Nilipotoka, akaniambia mimi ni mtu wa kwanza kuchafuka. Nilimwonyesha kila nilichokiona, kibaya na kizuri, bila kulitukana gari lake. Tuliafikiana shilingi 480,000, na akanipa boksi la mbao lenye vifuniko vya magurudumu, kitabu cha mwongozo na kioo cha pembeni ambavyo hakuvitaja hata mara moja kwenye simu. Mtu aliyelitunza gari miaka ishirini anataka kujua linakwenda kwa nani. Mheshimu.

Weka akiba isiyopungua mara mbili ya bei ya kununua. Mimi nilimaliza kwenye mara tatu, nikiwa nafanya kazi nyingi kwa mikono yangu.

Mpangilio wa kazi

Usilifungue lote. Ninasisitiza kwa sababu nimeziona Z tatu zilizofunguliwa kwa wiki moja ya hamu na kubaki kwenye maboksi hadi wenyewe walipoziuza kwa kilo. Fungua sehemu moja, imalize, irudishe. Piga picha kila waya kabla hujauchomoa. Kila bolti kwenye mfuko wake wa nailoni, na karatasi ndani, si nje, maana wino wa nje hufutika kwa oili.

Kwanza breki na mafuta, ili gari liweze kusogea na kusimama salama. Mipira yote ya breki mipya, hata kama ya zamani inaonekana nzima. Huziba kwa ndani. Tanki litolewe, lioshwe, likaguliwe kutu. Nusu ya shida wanazosingiziwa kabureta huanzia tankini.

Pili bati. Kabla ya kukata sakafu au kizingiti, chomelea vyuma vya kushikilia kwenye uwazi wa milango, ukivuka kutoka mbele hadi nyuma, vinginevyo bodi itajikunja na mlango hautafunga tena kamwe. Kata hadi ufike kwenye chuma safi kinachong'aa. Kiraka juu ya kutu ni kuifunika tu. Nilitumia bati la milimita 1.2 kwa sakafu na nene zaidi kwa reli. Mashine iwe ya MIG, inayochomelea kwa waya. Ile ya vijiti, inayotumika kwa mageti, inatoboa na kukunja bati jembamba. Chomelea nukta, ruka, chomelea nukta upande wa pili, acha ipoe kiasi cha kuweza kuishika kwa mkono, ndipo urudi. Ukimwona fundi anachora mstari mrefu kwa mkupuo mmoja, msimamishe.

Mwaka 2011 niliichoka kazi hii, nikapeleka gari kwenye gereji moja hapa mjini wamalizie na kupaka rangi. Lilirudi linapendeza mno. Miezi minane baadaye rangi ikafura kama andazi nyuma ya mlango wa kushoto. Nilipochimba, nilikuta puti ya unene wa kidole imejazwa juu ya tundu. Tangu hapo sharti langu ni moja: nalipa kwa hatua, na hakuna praima inayopulizwa kabla sijaliona bati likiwa uchi, kwa macho yangu, mchana. Nililikwangua upya lote.

Baada ya kuchomelea: praima yenye zinki, gundi ya kuzibia maungio, kisha nta ipulizwe ndani ya reli na vizingiti kupitia matundu yaliyopo. Rangi ya juu ni kwa ajili ya macho. Nta ya ndani ndiyo itakayolibakisha gari hadi wajukuu.

Tatu, miguu, yaani sehemu zinazoshikilia magurudumu. Bushi zote, zile mipira ya kwenye maungio, zibadilishwe. Nyuma utakutana na pini ndefu inayopita kwenye mkono wa chini, na hiyo imewaliza mafundi dunia nzima. Inashikana na bushi zake kwa kutu. Usiigonge kwa nyundo. Kichwa chake hufumuka, na hapo haitoki tena nzima. Toa kwanza ile pini ndogo ya kabari inayoifunga katikati, loweka kwa mafuta ya kulegeza kutu kila siku kwa wiki mbili, pasha moto, kisha vuta kwa bolti ndefu na kipande cha bomba. Yangu ya kulia ilitoka hivyo. Ya kushoto niliipeleka Changamwe kwenye presi, ikatoka kwa mlio kama bunduki. Ukirudisha, paka grisi bila uchoyo.

Injini kwangu ilikuwa kazi ya mapumziko. Tapeti, yaani nafasi ya vali, injini ikiwa baridi, ni milimita 0.20 kwa vali za kuingiza na 0.25 za kutoa. Mpangilio wa moto, yaani zamu ya silinda kuwaka, ni 1-5-3-6-2-4. Kabureta zina vikopo vya juu vinavyohitaji oili nyepesi, watu husahau, halafu wanashangaa gari linasita likikanyagwa.

Umeme uupe siku mbili tatu za utulivu. Katika gari hili mkondo wa taa kubwa hupita kwenye swichi yenyewe, na boksi la fyuzi huchemka hadi plastiki ikayeyuka. Weka rilei za taa, swichi ndogo zinazoipunguzia swichi kuu mzigo wa umeme, safisha kila kiungo cha waya wa ardhi kwa msasa. Usikate waya za asili. Rilei zinaweza kuchomekwa katikati bila kuharibu chochote.

Rangi iwe ya mwisho, kisha mipira ya madirisha, kisha viti. Vipuri vya bodi na mipira utaviagiza Japani, Uingereza, au Marekani, ambako Z ziliuzwa nyingi kuliko popote. Kumbuka tu kwamba za Marekani ni usukani wa kushoto: dashibodi, kifaa cha usukani na mikono ya waipa havitakuingilia. Sehemu ya zamani uliyoibadilisha usiitupe. Boksi langu la Nanyuki limejaa, na mara mbili limenisaidia pale kipuri kipya kilipokuwa kibaya kuliko cha kale.

Kuishi nalo

Gari la kukaa nalo linahitaji kutembea. Linalosimama hukauka mipira, breki hushikana, mafuta huoza kwenye kabureta. Mimi kila Jumapili alfajiri natoka Mikindani hadi Mariakani na kurudi, mwendo wa kutosha injini ipate joto kamili na mvuke utoke kwenye bomba la moshi. Nikirudi naosha chini kwa maji baridi, maana upepo wa bahari hauchagui gari la zamani wala jipya.

Usilifunike kwa turubai la nailoni. Jasho hubaki ndani, na kutu hufanya kazi usiku kucha. Shuka la pamba, chini ya paa lenye hewa, linatosha. Oili kila mwaka hata kama hujafika kilomita zake, maji ya breki kila miaka miwili, na rejeta ipewe kulanti, kimiminika maalumu cha kupoza injini, isionje tena maji ya bomba. Matairi yangu ni 195/70 ya inchi 14. Ukiyapata mazuri, nunua matano, kwa sababu ukubwa huo unazidi kuadimika.

Kuhusu bima, lipeleke likathaminiwe, na uandikiane na kampuni thamani mliyokubaliana kabla ya ajali. Ukiwaachia wakadirie baada ya ajali, watahesabu gari la miaka hamsini kama chuma chakavu.

Ninalo daftari lenye jalada gumu, tangu siku ya Nanyuki. Tarehe, kilomita, nilichofungua, nilichokiona, bei. Mzee yule, kabla hajatuacha, nilimpelekea gari alione. Alilizunguka polepole, akainama chini ya mlango wa kushoto na kupitisha kidole kwenye kile kipembe, halafu akaomba daftari. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa akiwa amekaa kwenye kiti cha dereva, nami nikiwa nimesimama nje.

Mpwa wangu alirudi kwa muuzaji wake na tochi. Reli zote mbili zilikuwa na viraka juu ya viraka, na moja ilitobolewa na bisibisi bila nguvu yoyote. Ameliacha. Sasa amepata fununu ya jingine, jeupe, bila rangi ya kupendeza, injini haiwaki, liko Nakuru chini ya paa. Jumamosi tunakwenda wote. Nimemwambia alete stendi zake, na nguo kuukuu mbili: yake na yangu.